Fumo Liyongo wa Ozi: Maisha ya Shujaa na Silaha Zake

Miongoni mwa majina yanayotajwa katika kila darasa la fasihi ya Kiswahili, ni machache yaliyodumu vinywani mwa watu kama jina la Fumo Liyongo. Waswahili wa Lamu na Pate humsimulia, Wapokomo wa mto Tana humtaja katika mapokeo yao, na jamii za wawindaji na wafugaji wa bara ya mto huo zimo ndani ya kisa chake. Hata hivyo, aghalabu anapotajwa hutajwa kwa nguvu zake tu: jitu lililopuliza panda zikapasuka, mtu asiyedhuriwa na mshale wala mkuki. Taswira hiyo si ya uongo, lakini ni pungufu. Maisha yake yakifuatwa hatua kwa hatua huonekana kuwa mfululizo wa mapambano ambamo silaha moja hupimwa dhidi ya nyingine, na mara kwa mara ile inayodhaniwa kuwa kubwa ndiyo inayoshindwa. Swali la mbinu gani ya kupigana ina nguvu kuliko nyenzake, swali ambalo wapenzi wa judo, karate na mieleka hulijadili hadi leo, limo ndani ya kisa hiki tangu mwanzo hadi mwisho.

Makao na nasaba

Neno fumo katika Kiswahili cha kale lina maana mbili. Ni mkuki wenye bapa pana, na pia ni cheo cha mtawala. Kwa hiyo Liyongo alibeba silaha katika jina lake kabla ya kuishika mkononi. Mapokeo yanamweka katika miji ya pwani iliyo karibu na mlango wa mto Tana, hasa Shaka na Ozi, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Kipini, kusini-mashariki mwa Garsen. Magofu ya Ungwana, Mwana na Shaka yangali yanaonekana kando ya ghuba ya Ungwana. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba Ungwana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966, na kazi yake ilionyesha kwamba palikuwa na mji wa mawe wenye misikiti na biashara ya mbali. Huu haukuwa msitu mtupu uliozaa jitu la hadithi. Ulikuwa ukanda wa miji yenye watawala, wafanyabiashara na washairi.

Mazingira hayo ni muhimu katika kuelewa silaha zake. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, na unapokaribia bahari hugawanyika katika mikono, mabwawa na nyika zinazofurika. Wapokomo walilima kando ya maji. Wafugaji walioitwa Wagala katika tenzi za kale, jina ambalo leo huhesabiwa kuwa la dharau na ambalo wazao wao Waorma hawalitumii, walichunga ng'ombe katika nyika na walisifika kwa mikuki. Wasanye, Wadahalo na Waboni waliishi kwa kuwinda, na silaha yao ilikuwa uta na mishale iliyopakwa sumu. Mijini kulikuwa na panga, majambia, minyororo na magereza. Liyongo aliishi mahali ambapo mitindo hii yote ya kupigana ilikutana, na maisha yake yalimlazimu kukabiliana na kila mmoja kwa zamu.

Kuhusu wakati wake, wataalamu hawajaafikiana. Wako wanaomweka kabla ya karne ya 13, na wako wanaomsogeza hadi karne ya 16 au 17. Kilicho wazi ni kwamba kufikia karne ya 18 jina lake lilikuwa tayari la kale na la heshima, kwa sababu Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alitunga takhmisi juu ya tungo la majigambo lililonasibishwa na Liyongo. Mwaka 1870 Edward Steere aliichapisha takhmisi hiyo pamoja na hadithi ya Liyongo kwa nathari katika kitabu chake cha ngano za Waswahili. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji, alitunga Utendi wa Fumo Liyongo wenye beti 232. Utendi huo ndio unaosomwa zaidi vyuoni, hasa baada ya M. M. Mulokozi kuuhariri katika Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999. Simulizi linalofuata linaegemea utendi huo, na pale mapokeo mengine yanapotofautiana tofauti hiyo imetajwa.

Chanzo cha uadui kati ya Liyongo na mtawala wa Pate husimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Baadhi ya mapokeo humtaja mpinzani wake kwa jina la Mringwari, ndugu wa baba mmoja au binamu yake, na kuueleza mzozo huo kuwa ugomvi wa urithi: je, utawala upite upande wa mama au upande wa baba? Utendi wa Kijumwa hauendi mbali kiasi hicho. Ndani yake sultani anamwona mtu anayependwa na watu na mwenye uwezo usio wa kawaida, naye anaanza kuhofia kiti chake. Hofu hiyo ndiyo inayosukuma kila jambo linalofuata.

Mwili dhidi ya mikuki

Pambano la kwanza halikumwaga damu. Wagala walikuwa wamefika Pate kununua chakula, na katika mazungumzo barazani sultani aliwasimulia habari za Liyongo. Hawakusadiki kwamba mtu wa namna hiyo yuko, wakaomba wamwone. Liyongo aliitwa kutoka Shaka. Mwendo uliomchukua mtu wa kawaida siku nne yeye aliumaliza kwa siku moja. Alipofika langoni alipuliza panda. Ya kwanza ilipasuka, ya pili ikapasuka, na mji mzima ukatetemeka. Kisha akautua mkoba wake, na mlikuwa na vitu vya kumshangaza kila mtu: kinu na mchi wake, jiwe la kusagia, vyungu, sahani na mafiga matatu ya kupikia. Alikuwa amebeba jiko zima mgongoni kama mtu mwingine anavyobeba kikapu.

Wagala hao walikuwa watu wa vita, na hukumu yao ina uzito kuliko ya wenyeji wa mji. Hawakujaribu kupigana naye. Badala yake waliomba mbegu yake: walitaka aoe binti wa kwao ili wapate mtoto mwenye nguvu kama zake. Ombi hilo lilikubaliwa, Liyongo akaoa, akazaliwa mwana wa kiume. Wapiganaji hodari walipima uwezo wake kwa macho, wakaona kuwa ni bora kuwa na undugu naye kuliko kuwa na uadui. Hapa mwili mkubwa ulishinda mikuki bila mkuki kurushwa. Lakini ushindi wa namna hii hutegemea hofu ya anayetazama, na hofu hiyohiyo iliyowafanya Wagala watake undugu ilimfanya sultani atake kifo chake. Isitoshe, mwana aliyezaliwa kutokana na ushindi huo ndiye aliyekuja kuwa mwisho wake.

Uta dhidi ya uta

Liyongo alipotambua kwamba mji haumtakii mema, aliondoka akaenda bara, akaishi msituni pamoja na Wasanye na Wadahalo. Mazingira yakabadilika, na silaha nazo zikabadilika. Miongoni mwa wawindaji, ukubwa wa mwili hauna faida kubwa. Mshale wenye sumu hauulizi kama aliyelengwa ni mrefu au mfupi. Tone dogo la sumu iliyochemshwa kutokana na miti liliweza kumwangusha tembo. Hao ndio watu ambao sultani aliwatumia ujumbe, akiwaahidi reale 100 kwa kichwa cha Liyongo.

Wawindaji walijua kwamba hawawezi kumkabili uso kwa uso. Wakabuni hila ya kikoa. Walikubaliana kula kwa zamu, kila mmoja akitoa chakula siku yake, na hatimaye wakapendekeza kula makoma. Mikoma ni mingi katika delta ya Tana hata leo, miti mirefu isiyopandika kwa urahisi. Mpango ulikuwa kila mmoja apande mti kwa zamu yake kuangua matunda, na zamu ya Liyongo ifikapo wamfume kwa mishale akiwa juu, mikono yake ikiwa imeshika mti na mgongo wake ukiwa wazi. Mtu aliye juu ya mti hana nguvu, hana mbio, wala hana ngao. Hila hiyo ilitengenezwa na watu wanaojua sawasawa udhaifu wa kila mtindo wa kupigana.

Zamu yake ilipofika, Liyongo alichagua mkoma mrefu kuliko yote. Hakupanda. Alichukua uta wake akatia mshale, akayafuma makoma yakaanguka chini, wote wakala wakashiba. Kwa mishale michache aliwaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba amekwisha kuitambua hila yao, na kwamba katika silaha yao wenyewe yeye ni bora kuwaliko. Wawindaji walimpelekea sultani habari kwamba mtu huyo hauawi kwa njia hii.

Tukio hili ndilo linaloonyesha vizuri zaidi ustadi wa Liyongo kama mpiganaji. Hakutumia nguvu aliyosifika nayo. Alibadilisha umbali. Wapinzani wake walitaka wao wawe mbali naye, na yeye awe amefungwa na mti; yeye akayavuta makoma kwake bila kuondoka ardhini, na uta ukabaki mkononi mwake. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa tungo anazonasibishiwa umo utumbuizo unaousifu uta. Gudrun Miehe na wenzake, ambao mwaka 2004 walichapisha mkusanyo mkubwa wa nyimbo zinazohusishwa na Liyongo, wameonyesha jinsi picha ya mwindaji na ile ya mwungwana zinavyokaa pamoja katika tungo hizo. Mtu huyohuyo anayeusifu uta hulisifu pia jamvi, mavazi na manukato ya harusini.

Wimbo dhidi ya minyororo

Baada ya hila ya mikoma kushindwa, Liyongo alinaswa mjini Pate na kutiwa gerezani. Hapa kila silaha aliyokuwa nayo ilikuwa imekoma kufanya kazi. Uta ulikuwa umechukuliwa. Nguvu za mwili zilizuiwa na pingu na minyororo, na milango ilikuwa na walinzi. Aliambiwa kwamba siku zake zimehesabiwa, akaulizwa ni jambo gani analitamani kabla ya kufa. Aliomba ngoma ya gungu na mwao.

Kila siku mama yake alimtuma kijakazi wake, Saada, kumpelekea chakula. Walinzi walikuwa wakikipora chakula kizuri na kumwachia makombo. Liyongo aliitambua tabia hiyo, akaitumia. Alimtungia Saada wimbo wa kumfikishia mama yake, wimbo ambao masikioni mwa walinzi ulikuwa wa mfungwa anayejiliwaza tu, lakini ndani yake mlikuwa na maagizo: mama aoke mkate wa unga mzuri kwa ajili ya walinzi, na mwingine wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa. Mama alielewa. Walinzi walipoipokea mikate, waliuchukua ule mzuri, wakamtupia mfungwa ule wa pumba huku wakimcheka. Ndani yake alizikuta tupa.

Ngoma ya gungu ilipopigwa usiku, matoazi na panda vilivuma mji mzima. Liyongo aliwaongoza waimbaji kwa nyimbo zake, na chini ya mvumo huo sauti ya tupa ikikata chuma haikusikika. Alipomaliza kuikata minyororo alisimama na kuwatokea. Watu walitawanyika, naye akarudi bara.

Katika tukio hili lugha ilikuwa silaha kamili, wala si pambo la silaha. Wimbo ulipita langoni ambapo kisu kisingepita. Uliwafanya walinzi wawe wabebaji wa chombo kilichowashinda. Ulitegemea ujuzi wa Liyongo wa tabia za watu: uroho wa walinzi, akili ya mama yake, uaminifu wa Saada na mapenzi ya watu kwa ngoma. Ni vigumu kupata katika fasihi simulizi ya pwani mfano mwingine ambapo fumbo, kipengele ambacho wanafunzi hukifundishwa kama sifa ya ushairi, linaokoa maisha ya mtu moja kwa moja. Vilevile ngoma haikuwa ngeni kwa vita katika utamaduni wa Waswahili. Kirumbizi, mchezo wa fimbo unaochezwa Lamu wakati wa maulidi na harusi, ni sanaa ya kujihami iliyovaa nguo ya sherehe. Liyongo alifanya kinyume chake: aliichukua sherehe akaigeuza kuwa vita.

Wapiganaji wa nchi nyingine

Ulinganishi na mashujaa wa Asia husaidia kuona jambo hili kwa uwazi. Wajapani humsimulia Musashibo Benkei, mtawa shujaa wa karne ya 12. Kama Liyongo, alikuwa jitu, na kama Liyongo alibeba mgongoni mzigo wa zana, kwake zikiwa silaha saba. Inasimuliwa kwamba alisimama kwenye daraja la Gojo mjini Kyoto akiwanyang'anya wapita njia panga zao, akafikisha 999. Aliyemzuia asitimize 1,000 alikuwa kijana mwembamba, Minamoto no Yoshitsune, aliyekuwa na upanga mwepesi na miguu mepesi. Jitu lilishindwa na wepesi, kisha likawa mtumishi wa kijana huyo hadi kufa.

Fikra iliyomo katika kisa hicho ndiyo iliyokuja kufanywa elimu. Mwaka 1882 Kano Jigoro alianzisha Kodokan, shule ya judo, kwa msingi kwamba nguvu ya mpinzani ni chombo cha kumwangushia, na kwamba mtu mdogo mwenye maarifa anaweza kumshinda mkubwa asiye nayo. Mwaka 1993, katika mashindano ya mitindo mchanganyiko yaliyofanyika Denver, Marekani, Royce Gracie wa Brazil, ambaye mtindo wa familia yake ulitokana na judo iliyopelekwa huko na Mitsuyo Maeda, aliwashinda watu waliomzidi uzito kwa kuwaondolea umbali waliouhitaji ili kupiga ngumi na mateke. Wengi walilichukua tukio hilo kuwa uthibitisho kwamba mtindo mmoja unaizidi mingine yote. Miaka iliyofuata ilionyesha kuwa sivyo, kwani wapiganaji wa mieleka na wa ngumi walijifunza namna ya kuuzuia, na ubora ukamhamia yule aliyejua zaidi ya mtindo mmoja.

Mkoma wa Tana unafundisha jambo hilohilo. Liyongo hakuwashinda wawindaji kwa sababu uta ni bora kuliko mkuki, wala hakutoka gerezani kwa sababu wimbo ni bora kuliko uta. Kila silaha ina mahali pake na umbali wake, na mpiganaji hodari ni yule anayejua kwamba mahali pamebadilika. Mtu aliyetegemea mwili tu angepanda mkoma. Mtu aliyetegemea uta tu angefia gerezani.

Sindano

Silaha ya mwisho ilikuwa ndogo kuliko zote. Sultani, baada ya kushindwa na wawindaji, walinzi na minyororo, alimgeukia mwana wa Liyongo, yule aliyezaliwa na mama wa Kigala. Alimwahidi uwaziri, na akamwahidi binti yake awe mkewe. Kijana alikwenda kwa baba yake, akamwuliza ni kitu gani kinachoweza kumwua.

Liyongo alilitambua swali hilo lilikotoka. Mtu aliyeifumbua hila ya mikoma kabla hajagusa mti hakushindwa kuisoma hila ya mwanawe. Pamoja na hayo alimjibu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Hapo ndipo kisa kinapowagawa wasomaji. Wako wanaoona kuwa ni udhaifu wa tanzu, kwamba shujaa wa utendi lazima awe na sehemu moja inayodhurika, kama kisigino cha Achilles wa Wagiriki au macho ya Esfandiyar katika Shahnama ya Waajemi. Maelezo hayo yanatosha kwa muundo wa kisa, lakini hayamtoshi Liyongo mwenyewe. Achilles hakumwambia adui yake habari za kisigino. Liyongo alisema kwa hiari yake, akijua. Baba aliyemficha mwanawe siri ya uhai wake angekuwa amekwisha kumpoteza mwana huyo. Aliyemwambia alimpa nafasi ya kuchagua. Mwana alichagua uwaziri.

Kijana alirudi kwa baba yake na sindano. Alisitasita, na siku zikapita, hata sultani akamletea ujumbe wa kumhimiza. Kisha siku moja Liyongo alipokuwa amelala, alimchoma kitovuni akakimbia. Ukiitazama kama silaha, sindano haina lolote. Haifiki mbali, haivunji mfupa, haitishi mtu. Inahitaji jambo moja tu, nalo ni kwamba anayeishika aruhusiwe kukaribia kitanda cha aliyelala. Mkuki huhitaji nafasi, uta huhitaji umbali, minyororo huhitaji walinzi. Sindano huhitaji kuaminiwa. Hakuna ngao iliyotengenezwa dhidi yake kwa sababu anayeaminiwa hazuiwi mlangoni.

Liyongo aliamka na maumivu, akachukua uta na mishale, akaenda kisimani. Alipiga goti, akatia mshale kwenye uta, akauvuta, akafa katika hali hiyo. Wenyeji waliokuja kuteka maji walimwona akiwa amelenga, wakakimbia. Siku zikapita, mji ukashikwa na kiu, na hakuna aliyethubutu kukaribia. Hatimaye wazee walimwomba mama yake aende kumtuliza. Alimwendea akimbembeleza kwa nyimbo, akidhani mwanawe amekasirika, naye hakujibu. Mwili ulipoanguka ndipo walipoiona sindano na kutambua kwamba kwa siku zote hizo walikuwa wakimwogopa maiti.

Benkei naye alikufa hivyo. Mwaka 1189, kwenye mto Koromo, alisimama darajani akimlinda bwana wake, mwili wake ukiwa umejaa mishale, na askari hawakuthubutu kuvuka mpaka alipoanguka na wakajua kwamba alikufa zamani akiwa amesimama. Watu wawili ambao hawakuwahi kusikiana, mmoja darajani na mwingine kisimani, walipigana pambano lao la mwisho wakiwa wamekufa. Tofauti yao ni muhimu vilevile. Benkei aliuawa na adui akimlinda ampendaye. Liyongo aliuawa na ampendaye. Ndiyo maana kifo cha Benkei husimuliwa Japani kama heshima, na cha Liyongo husimuliwa pwani kama msiba.

Baada ya kifo

Sultani aliyaondokea hayo akiwa mshindi, lakini hakutimiza ahadi zake. Mwana aliyemwua baba yake alifukuzwa mjini kwa hoja nyepesi kuelewa: aliyemsaliti baba yake hawezi kuaminiwa na mkwe. Alikwenda kwa wajomba zake Wagala, nao wakamkataa, kwa kuwa walitaka mbegu ya shujaa na wakapata mwuaji wake. Alikufa akiwa hana mji wala jamaa. Steere, katika karne ya 19, aliandika kwamba kaburi la Liyongo lilikuwa likionyeshwa Ozi, na mpaka leo wenyeji wa Kipini huitaja ardhi hiyo kuwa makao yake ya mwisho.

Kisa hiki hakijakuwa cha kale katika nchi yake. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika delta ya Tana, yaliyochochewa na ugomvi wa maji, malisho na mashamba pamoja na siasa za mwaka wa uchaguzi, yaliua zaidi ya watu 100, wakiwemo wanawake na watoto. Mikuki, panga, mishale na bunduki vyote vilitumika. Wazao wa watu wanaotajwa katika simulizi moja la Liyongo walikuwa pande mbili za vita. Utendi wenyewe unazishuhudia jamii hizo zikiuziana chakula, zikioana na zikila kikoa, na unaonyesha pia jinsi mtawala mwenye hofu anavyoweza kuligeuza kila moja ya mambo hayo kuwa mtego: ndoa ikazaa mwuaji, kikoa kikawa shabaha, ngoma ikawa kwaheri ya mfungwa.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, Fumo Liyongo anastahili kusomwa kwa jumla ya maisha yake. Nguvu zake zilimpatia sifa, uta wake ukamwokoa msituni, utunzi wake ukamtoa gerezani, na imani yake kwa mwanawe ikamwua. Panda zake zilipasuka siku alipozipuliza, na uta aliokufa nao haupo tena. Nyimbo zake zingali zikiimbwa katika harusi za Lamu vizazi vingi baada ya mlango wa gereza la Pate kuoza.